Manguredjipa: «Lenzi imekufa» si jibu la fundi

Kuna maneno mawili ambayo kila mwenye mashine ya mchezo anaogopa kusikia, Manguredjipa kama vile Butembo na Beni: «Lenzi imekufa.» Fundi anafungua kifuniko, anachungulia, anafunga, anatamka maneno hayo, na mambo yamekwisha. Mwenye mashine anabaki na njia mbili. Anunue lenzi mpya ambayo itapanda kwa pikipiki kutoka Butembo, ao aache mashine pale pale kwa bei ya kutupa. Familia iliyokimbia vita inachagua mara nyingi njia ya pili, kwa sababu njaa haingoji lenzi. Kisha siku chache zinapita, na mashine ile ile iliyoitwa mfu inaonekana ndani ya sali nyingine ya mchezo, inacheza bila shida.

Si kila fundi anayesema hivyo ni mwizi. Wengi wamejifunza kazi kwa kuangalia mkubwa wao, na mkubwa wao alisema hivyo. Lakini mtu anayelipwa ili kutafuta ugonjwa anapaswa kutafuta, na mashine ya kusoma diski ina magonjwa mengi yanayofanana na kifo cha lenzi. Mengine yanapona kwa pamba na tone la alkoli.

Mashine inayosumbua watu zaidi ni PlayStation 2, ile vijana wanaita Play 2 tu. Kampuni ya Sony iliitoa Japani tarehe 4 Machi 2000, ikaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani kote. Maana yake, hata ile iliyo changa kuliko zote imekwisha kupita miaka 10, na nyingi zina 20. Kule Ulaya ni kitu cha watu wazima wanaokumbuka ujana wao. Wanaiweka juu ya kabati na kuipangusa siku ya Mungu. Huku ni kazi. Imefika kwa njia ile ile ya bidhaa zingine za wafanyabiashara wa Butembo, Dubai ao Kampala, mpaka wa Kasindi, kisha Butembo, kisha barabara ya Njiapanda na matope yake mpaka ndani ya sekta ya Bapere.

Kijana anaweka televisheni, mashine, maneti mbili na benchi ndani ya chumba cha mbao. Watoto wanalipa kwa mechi. Kama betri ya jua imeshiba ao kuna mafuta ndani ya jenereta, jioni anarudi na pesa ya unga na sombe. Kati ya familia zilizohama vijiji vyao kwa sababu ya mashambulizi, wako waliobeba mashine hiyo kichwani pamoja na sufuria na godoro, wakiacha mbuzi na kakao nyuma. Hawakuibeba kwa upuuzi. Shamba halibebeki. Mashine inabebeka, na inaweza kuanza kazi siku ile ile mahali popote penye moto wa umeme.

Wazazi wengi hawapendi vyumba hivyo, na wana sababu. Mtoto ambaye angepaswa kuwa shuleni anapatikana pale saa 4 ya asubuhi, na mwenye sali anayefungua saa za masomo hana cha kujitetea. Wakuu wa mitaa wana haki ya kumfungia. Lakini hilo ni jambo la saa na nidhamu. Kumwacha mjane ao kijana apoteze chombo chake cha kazi kwa uchunguzi wa dakika 2 ni jambo lingine kabisa.

Basi lenzi yenyewe ni nini? Ni kijicho cha plastiki, kidogo kama punje ya muhindi, kinachokaa chini ya diski. Chini yake kuna mwanga wa leza. Mwanga unapanda, unagonga diski, unarudi, na kwa kurudi kwake mashine inasoma. Kijicho hakikai mahali pamoja: kinapanda na kushuka kidogo sana kikitafuta umbali unaofaa, na gari lake linatembea juu ya vyuma viwili kutoka katikati ya diski kwenda pembeni. Kusoma kunaanza katikati. Ndiyo maana diski yenye mkwaruzo karibu na tundu inakataa hata kuanza, wakati diski nyingine yenye mikwaruzo ya kutisha pembeni inacheza mpaka kipindi cha pili, ndipo inaganda.

Mianga iko miwili. Mmoja ni wa CD, na jicho la mtu haliuoni. Mwingine ni mwekundu, wa DVD. Jambo hili dogo ndilo mafundi wengi wanaruka, na ndilo lingewasaidia kuliko turnavisi. Mchezo wa PlayStation 2 uliotoka kiwandani kwa CD una tumbo la bluu. Uliotoka kwa DVD una tumbo la fedha. Mchezo wa PlayStation ya kwanza una tumbo jeusi, na huo pia ni CD. Kama mashine inasoma fedha na kukataa bluu na nyeusi, ama inasoma bluu na kukataa fedha, mwanga mmoja umechoka na mwingine uko mzima; hapo lenzi inashukiwa kwa haki. Kama inakataa zote kwa pamoja, na jana ilikuwa ikicheza, sababu za bei ndogo zinapaswa kuangaliwa kwanza: uchafu, moto, kifuniko, sumaku.

Mtu atauliza: diski ya kiwandani inapatikana wapi Manguredjipa? Diski nyingi za sokoni zimechomwa kwa kompyuta, kwa sababu michezo mipya ya Play 2 haitoki tena. FIFA 14 ya mwaka 2013 ilikuwa kati ya za mwisho. Timu za leo na wachezaji wa leo wanaingizwa na watu wenyewe ndani ya michezo ya zamani, kisha inachomwa kwa DVD tupu na kuuzwa. Sasa, diski ya kiwandani imegongwa kama muhuri. Diski ya kuchomwa imeandikwa ndani ya rangi, na rangi hiyo inarudisha mwanga kidogo zaidi. Jua linaiharibu, joto linaiharibu, na kama ilichomwa kwa haraka sana ilizaliwa mbovu. Lenzi ya miaka 20 inaweza kukataa diski ya namna hiyo na bado ikasoma ya kiwandani bila kusita. Kupima mashine kwa diski moja ya kuchomwa, iliyokuwa imetandikwa juani pembeni ya barabara, na kusema lenzi imekufa, ni sawa na kumpima mtu macho kwa gazeti lililolowa mvua.

Lakini dawa ipo, na iko ndani ya nyumba nyingi bila kujulikana. Play 2 inasoma CD za muziki na DVD za filamu. CD moja ya kwaya iliyotoka kiwandani, yenye tumbo la fedha safi bila rangi ya zambarau ao ya kijani, inatosha kupima mwanga wa kwanza. DVD moja ya filamu, ya kiwandani vilevile, inapima mwanga wa pili. Ihakikishwe tu kwamba inaanza kwa mashine nyingine, kwa sababu kuna filamu zilizofungwa zisianze nje ya sehemu yao ya dunia. Fundi anayeheshimu kazi yake angekuwa na diski hizo mbili ndani ya bahasha, zisizotoka hata kwa mazishi, na angezitumia mbele ya macho ya mteja.

Diski yenyewe pia inaoshwa vibaya. Inapanguswa kwa kuzungusha, kama sahani, na mkwaruzo wa kuzunguka unafuata njia ya kusoma na kuiua. Ipanguswe kwa kitambaa laini kilicholowa maji kidogo, kutoka tundu kwenda pembeni, moja kwa moja. Dawa ya meno ambayo vijana wanasifu inaweza kulainisha mkwaruzo mwepesi wa chini, hilo ni kweli; ule wenye kina hausikii dawa ya meno. Na kwa CD, upande wa kuogopa zaidi ni wa juu, ule wenye picha. Maandishi ya CD yamelala chini tu ya picha hiyo, wakati ya DVD yamefichwa katikati ya unene wa diski. CD iliyokwaruzwa upande wa picha mpaka mwanga unapita imekwisha. Isilaumiwe mashine.

Sikio lifanye kazi kabla ya mkono. Ukimya ukiwa mzima, diski haizunguki hata mara moja, kwa mashine nyembamba inayofunguka juu, lenzi si ya kwanza kushukiwa. Chini ya kifuniko chake kuna vibonyezo vidogo. Kifuniko kilichopinda ao vibonyezo vilivyojaa uchafu vinaifanya mashine iamini kwamba iko wazi, na ikiamini hivyo haitazungusha kitu. Kwa mashine nene, ile ya sahani inayotoka mbele, diski inabanwa na kipande cha juu chenye sumaku. Kikilegea, diski inateleza, inakwaruza, inapiga kelele kama panya ndani ya dari. Mara nyingine diski inazunguka vizuri, inasimama, inazunguka tena, inasimama, kisha skrini inakuwa nyekundu na kuomba diski ya PlayStation: hapo jicho linatafuta na halioni, na hapo ndipo kusafisha kunaanza.

Uchafu wa huku una tabia yake. Kiangazi kinaleta vumbi jekundu la barabara. Masika yanaleta unyevu wa pori. Zaidi ya yote kuna moshi. Familia iliyohama inapokaa kwa chumba kimoja, mashine iko mita 2 kutoka mbabula, na moshi wa makaa na wa taa ya petroli unaacha utando wa mafuta juu ya kijicho, mwembamba mno kuonekana ila wa kutosha kurudisha mwanga nusu. Kupuliza kwa mdomo kunaongeza mate tu. Kinachotakiwa ni kijiti chenye pamba na alkoli ya famasi yenye nguvu, ya 90 ikipatikana, tone moja, kupangusa bila kukandamiza, kisha kuacha ikauke kabisa. Kijicho kinaning'inia juu ya nyuzi nyembamba za chuma. Anayekikandamiza kama anayesugua kiatu anazipinda, na baada ya hapo kweli hakuna dawa. Petroli hapana. Asetoni ya kutoa rangi ya kucha hapana, inayeyusha plastiki. Pombe kali ya mtaani ina maji na takataka zake. Inywewe na wanaoinywa.

Kwa mashine nene, kabla ya kufungua, waya itolewe ukutani na mashine iachwe kwa muda, kwa sababu umeme mkali unabaki ndani. Na mtu asiinamishe uso juu ya kijicho kuona kama kinawaka. Mwanga mmoja hauonekani na bado unaumiza jicho.

Pembeni kuna vile vyuma viwili. Grisi ya kiwandani, baada ya miaka 20, imekuwa gundi, na gari la lenzi linakwama katikati ya safari. Dalili yake ni wazi: mchezo unaanza vizuri, kisha unaganda kila mara mahali pale pale, hata kwa diski mbalimbali. Vyuma vipanguswe, vipakwe grisi nyepesi kidogo sana. Mawese hayafai, hata kama yako tele. Yanaganda na kuita mende. Mafuta ya injini yanarukia lenzi.

Sasa kuna moto wa umeme, na hapa Manguredjipa ina shida ambayo mtu wa mjini anaisahau. Umeme unatoka kwa pano za jua, betri, konvertisa ya bei ndogo na jenereta zinazokohoa. Mashine nyembamba za kwanza zinatumia kitoa umeme cha nje cha volti 8.5. Kile cha asili kikiibiwa ao kikiungua, watu wanaunga chochote chenye tundu linaloingia. Cha volti 12 kinaweza kuua mashine kwa mara moja. Kile chenye nguvu ndogo ni kibaya kwa namna ya ujanja zaidi: mashine inawaka, picha inakuja, kila mtu anafurahi, lakini diski ikianza kuzunguka na jicho kupanda na kushuka, nguvu haitoshi na kusoma kunashindwa. Fundi anaona nini? Anaona mashine inayowaka na isiyosoma. Anasema lenzi.

Njia ya kujua haigharimu kitu. Mashine inayosoma saa 7 ya mchana wakati betri imejaa, na kukataa saa 2 ya usiku na diski ile ile, haina ugonjwa wa lenzi. Inayosoma kwa jenereta ya jirani na kukataa kwa konvertisa ya nyumbani, vilevile. Kabla ya kutuma pesa Butembo, mashine ibebwe mpaka mahali penye moto mzuri, kwa kinyozi ao kwa kituo cha afya chenye rafiki, na ipimwe pale kwa dakika 5.

Umefika wakati wa kusema juu ya visi. Pembeni ya lenzi kuna vivisi vidogo vinavyopima nguvu ya mwanga, na mafundi wengi wanavijua kuliko wanavyojua pamba. Wanazungusha kidogo, mwanga unapata nguvu, mashine iliyokataa inaanza kusoma mbele ya mteja. Mteja anashangilia na kulipa. Lakini mwanga uliolazimishwa ni kama jenereta iliyofungwa gesi mpaka mwisho: inatoa kazi kubwa na inaungua mapema. Wiki kadhaa zinapita, mashine inarudi, na safari hii imekufa kweli. Fundi anaonekana nabii, kwa kuwa alisema mwanzo kwamba lenzi ni mbovu. Hakuna anayemuuliza nani aliimaliza.

Kuzungusha visi hizo si dhambi kila mara. Lenzi iliyochoka kabisa, baada ya kusafishwa na baada ya umeme kuhakikishwa, inaweza kuongezewa miezi kwa namna hiyo, na mwenye mali anaweza kukubali akijua. Shida iko kwa kufanya hivyo kama hatua ya kwanza, kwa siri, bila kupima kwa mita na bila kuweka alama ya mahali visi ilipokuwa. Ni hivyo hivyo kwa kigurudumu cheupe cha plastiki kilicho ndani ya mashine nene, kinachoinua na kushusha lenzi: anayekigeuza bila kuchora mstari wa kalamu hataweza kukirudisha. Mteja ana haki ya kuuliza, «Fundi, umegusa visi?» na kupata jibu kabla ya kulipa.

Ziko lenzi zilizokufa kweli, na kuwaambia watu vinginevyo ni kuwadanganya. Mwanga unachoka kwa kutumiwa. Sali inayofanya kazi saa 10 kwa siku inaumaliza mapema. Mashine iliyosafishwa, yenye moto mzuri, iliyopimwa kwa CD na DVD za kiwandani na kukataa zote, inahitaji lenzi nyingine. Hapo kosa kubwa ni kuagiza «lenzi ya Play 2» kana kwamba iko moja. Chini ya kila mashine kuna karatasi yenye herufi SCPH na namba. Lenzi ya mashine nene ya 30004 haiingii kwa nyembamba ya 77004. Namba hiyo itumwe Butembo kwa simu, herufi kwa herufi, kabla pikipiki haijaondoka, kwa sababu kurudisha lenzi kwa barabara ile ni kulipa mara mbili. Lenzi mpya nyingi zinakuja na tone dogo la soda linalozilinda na umeme wa mwili wa mtu, na tone hilo linaondolewa mwishoni, baada ya waya bapa kuunganishwa. Fundi asiyelijua anafunga lenzi mpya kabisa, inakataa, na anaitangaza mfu nayo.

Kuna pia njia ya kuacha diski kabisa, na inastahili kujulikana zaidi mahali ambapo vipuri vinafika kwa shida. Programu inayoitwa Free McBoot inawekwa ndani ya kadi ya kumbukumbu ya mashine, na nyingine, Open PS2 Loader, inasoma michezo kutoka kwa kifaa cha USB. Lenzi inaweza kuwa imekufa kama jiwe na mechi ikaendelea. Kadi inatayarishwa kwa mashine nyingine iliyo nzima, kwa hiyo fundi mmoja mwenye mashine moja nzuri anaweza kuhudumia mtaa. Ina mipaka yake: mlango wa USB wa Play 2 ni wa zamani na wa polepole, filamu ndogo za katikati ya mchezo zinakwamakwama, ijapokuwa mpira kwa kawaida unachezeka. Na mashine nyembamba za mwisho, za mfululizo wa 90000 zilizotengenezwa kuanzia mwisho wa 2008, zinakataa Free McBoot. Mtu anayenunua mashine leo kwa ajili ya kazi angefanya vizuri kuangalia namba hiyo kabla ya kuangalia rangi.

Wako wanaosema kwamba kuongea juu ya mashine ya mchezo wakati watu wanakosa shuka na dawa ni kukosa aibu. Wasikilizwe, lakini waulizwe pia familia hiyo itaishi na nini misaada ikichelewa. Cherehani ya mama ikiharibika, kila mtu anaelewa kwamba ni msiba wa nyumba. Redio ya mzee ikinyamaza, majirani wanachangia betri. Mashine ya kijana inaingiza chakula ndani ya sufuria ile ile, na kwa sababu tu inaitwa mchezo, anayeinunua kwa bei ya kutupa haonekani kuwa na kosa.

Mazungumzo yenyewe yanajulikana. «Papa fundi, iko namna gani?» «Lenzi imekufa, mama. Uniachie tu, nitakupatia kitu kidogo ya watoto.» Anayepima ndiye anayenunua. Kwa soko la kakao, mkulima asingekubali mnunuzi aje na mizani yake peke yake bila mwingine kuikagua. Kwa mashine anakubali kwa sababu hajui kilicho ndani. Mafundi wa Manguredjipa ni wachache na wanajuana. Hakuna kinachowazuia kukubaliana kwamba aliyetamka kifo cha mashine hawezi kuinunua yeye mwenyewe, na kwamba mashine inapimwa mbele ya mwenyewe, kwa diski za kiwandani, kwa moto usioyumba. Chama cha vijana ao kamati ya wahami ingeweza kuweka diski mbili za kupimia mahali pamoja, kwa kijana mmoja anayeaminika. Gharama yake ni CD ya kwaya na DVD ya filamu.

Hata fundi angepata faida. Kusafisha na kupima ni kazi, na kazi inalipwa. Mteja anayelipa kidogo kwa pamba na alkoli leo atarudi na redio, na simu, na konvertisa. Yule aliyeuza mashine yake kwa machozi hatarudi, na atawaambia wengine wapite mbali.

Kwa wale ambao mashine yao inapaswa kwenda Butembo hata hivyo: diski itolewe ndani kabla ya kupanda pikipiki, kwa sababu kwa mashimo ya barabara inakuwa nyundo juu ya lenzi. Mashine izungushiwe nguo na kuwekwa ndani ya mfuko wa plastiki, mvua haina taarifa. Ikifika, iachwe kukauka kabla ya kuwashwa. Na namba zilizo kwenye karatasi ya chini, ile ya SCPH na ile ndefu ya mashine yenyewe, ziandikwe kwenye daftari inayobaki nyumbani, ili siku pikipiki itakaporudi, iweze kujulikana kama mashine iliyorudi ndiyo ile iliyokwenda.